Idrisa, Jina Lililoshonwa Kabla ya Kupimwa

Saa moja kasoro robo asubuhi, fundi anafungua kufuli mbili za mlango wa bati, anausukuma kwa goti, na kabla hajaweka mkoba chini ameshatia tone la mafuta kwenye cherehani. Kisha anaketi, mguu wa kulia mbele na wa kushoto nyuma juu ya kanyagio, na kuzungusha gurudumu kwa kiganja. Kazi imeanza.

Meza yake ya kukatia ina upana wa mlango, kwa sababu ni mlango. Ulitolewa kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa pili na bado una tundu la kitasa. Katika tundu hilo huchomeka mkasi. Ukutani kuna misumari kumi na mmoja, kila mmoja na mzigo wake: sketi zinazosubiri marinda, suruali zinazosubiri kupunguzwa kiuno, na gauni moja la harusi ambalo mwenyewe hajalifuata huu mwaka wa pili. Hakuna anayethubutu kuuliza kulikoni.

Juu ya mlango kuna kibao cha bluu kilichoandikwa kwa mkono: FUNDI IDRISA.

Mteja mgeni anaingia, suruali mkononi. Anaangaza chumba kizima. "Namtaka fundi Idrisa."

"Ndiye mimi."

Mteja anamtazama mama huyu wa miaka hamsini na miwili, tepu shingoni, miwani imefungwa uzi kwenye bawaba. Anautazama mlango wa nyuma, akitarajia mwanamume atokee huko. "Kwani mzee amekwenda wapi?"

"Mume wangu ni dereva, hajui hata kutunga uzi. Simama wima nikupime."

Anafungua daftari la vipimo. Kwanza anaandika jina la mteja, ndipo inchi zinafuata. Hiyo ni sheria aliyoachiwa na babu yake, fundi aliyemfundisha kazi: anayepima bila kuandika jina atakuja kumshonea jirani.

"Wengine hutoka nje kusoma kibao mara ya pili," fundi anasema mteja akishaondoka. "Nawaacha wasome. Kusoma hakuna madhara."

Jina lililo kwenye kitambulisho chake ni lingine, la kike kabisa, na ameomba lisiandikwe hapa. "Hilo linajulikana benki na hospitali. Ukiniita hilo mtaani, sigeuki."

Lakini hii ni Jumanne, na kabla ya Jumamosi anatakiwa aamue kama ataendelea kugeuka akiitwa Idrisa.

Mdogo wake, fundi wa friji mwenye miaka arobaini na saba, amepata mtoto. Ni wa tano, na wa kwanza wa kiume. Mtoto ana siku kumi na sita na hana jina. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa kiume", basi. Fomu ya cheti cha kuzaliwa inataka jina, na Jumatatu baba yake amepanga kwenda kuijaza.

Baba anataka mtoto aitwe Idrisa. Tatizo ni kwamba katika familia yao jina hilo huvaliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mtoto akipewa, shangazi hana budi kulivua.

"Katika nyumba yetu hakuna somo, wawili wa jina moja," fundi anaeleza huku akitia uzi kwenye bobini. "Babu alikuwa akisema jina ni shati. Wakilivaa wawili, mmoja litambana, na huyo mwingine litamchanikia mgongoni."

Anayejua kisa cha jina hilo kuingia nyumbani kwao hatashangaa kwamba limeleta maneno. Baba wa babu aliitwa Idrisa na alishona sare za askari na kofia za wapishi mpaka macho yakamgomea. Alipokuwa kitandani, siku za mwisho, alimwambia mwanawe neno moja tu: jina lisilale.

Babu alikuwa na mkaza mwana mwenye mimba ya miezi saba. Akachukua kitambaa cheupe cha pamba, cha kumpokelea mtoto, akakitarizi IDRISA kwa uzi wa bluu, herufi zenye urefu wa kidole. Huyu ni mtu anayesimuliwa kuwa aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kukata kitambaa kabla ya kupima. Safari hii alikata mwenyewe.

Akazaliwa msichana.

"Wanawake walimfuata wakamwambia, mzee, ni msichana. Akasema, nimesikia. Wakamwambia, basi fumua. Akasema, sifumui jina la baba yangu." Fundi anacheka kidogo puani. "Mama yangu hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Akasema sawa, la cheti nitatoa mimi, la nyumbani lako. Na babu akawa ananiita Idrisa kila mahali, mpaka shuleni."

Miaka mitano baadaye akazaliwa mdogo wake. Kila mtu alidhani jina sasa litahamia kwa mwanamume, mambo yaishe. Babu akakataa. Jina, alisema, lina mwenyewe.

Mdogo mtu tulimkuta Jumatano kwenye karakana yake, amepiga magoti nyuma ya friji kubwa la duka, tochi mdomoni. Aliitoa tochi ili ajibu, na alijibu bila kuzunguka.

"Nilizaliwa mwanamume nikakuta jina limeshavaliwa. Mimi nikapewa la mjomba. Mtu mwema mjomba, sina neno naye. Lakini silo nililokuwa nawekewa."

Je, dada yake hakulitendea haki?

"Amelishikilia vizuri. Sikatai. Lakini kushikilia ni kushikilia. Mtu akikushikia mzigo stendi, ukifika unamshukuru, unauchukua."

Katika maisha yake yote, anakiri, hajawahi kumwita dada yake kwa jina hilo, hata kwa mzaha. "Namwita dada. Si ni dada yangu? Hayo mengine ni ya mtaani."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kreti akimnyonyesha mtoto, aliulizwa yeye anaonaje. "Mimi nimezaa," alisema. "Kazi yangu nimemaliza. Wao waendelee kugombania kamba, mimi ng'ombe ninaye."

Mtu wa nje anaweza kuuliza kelele hizi zote ni za nini, majina si yamejaa. Mwalimu wa chuo cha Kurani kilicho nyuma ya soko, ambaye wazazi wengi humwendea kuuliza maana za majina, anasema si kila jina ni sawa na jingine.

"Idrisa ni Idris kwa Kiarabu, ndimi zetu zikaliongezea a. Ni jina la nabii wa zamani sana," alisema, akipanga misahafu kwenye rafu huku wanafunzi wakitoka. "Wapo wanaosema linatokana na kudurusu, kusoma kwa bidii, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu. Wajuzi wengine wa lugha wanakataa. Wanasema jina ni kongwe kuliko Kiarabu chenyewe, lilipokewa tu kutoka kwa waliotangulia. Mimi siwaamulii."

Na habari ya ushonaji?

"Hiyo ni mapokezi. Wazee wamesimulia kuwa ndiye wa kwanza kuandika kwa kalamu na wa kwanza kushona nguo, watu kabla yake walivaa ngozi. Ndiyo maana mafundi cherehani wengi wanalipenda jina. Ni masimulizi mazuri, sina ugomvi nayo." Aliweka msahafu wa mwisho. "Lakini sifa zake zilizothibiti ni mbili. Alikuwa mkweli mno, na alikuwa mwenye subira. Anayemwita mtoto Idrisa aanzie hapo, sindano baadaye."

Fundi mwenyewe hakuwahi kuambiwa hayo. Alichojua ni sindano. Kwa babu, Idrisa ilikuwa na maana ya fundi, ikaishia hapo, na kwake yeye jina na kazi vimekuwa kitu kimoja kwa miaka thelathini na minane.

Kazi yenyewe si ile tena. Zamani, kabla ya shule kufunguliwa, alishona sare mia mbili na zaidi kwa msimu mmoja, na taa haikuzimwa mapema. Mwaka huu ameshona arobaini na moja. Sare zinakuja zimeshashonwa, zimefungwa kwenye plastiki, na za mitumba ni rahisi zaidi. Anachoishi nacho sasa ni kukunja pindo, kubadilisha zipu na kutia viraka. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakihisi tena. Sindano imepita humo mara nyingi, anasema, kimechoka kulalamika.

"Wanaokuja, wanakuja kwa Idrisa. Mtu anamwambia mwenzake, peleka kwa Idrisa. Mdogo wangu anasema kibao ni rangi kopo moja tu, nitaandika jingine. Rangi si neno." Anasimamisha kanyagio. "Linaniuma. Sitakuficha. Ni kama uambiwe uhame nyumba uliyoijenga mwenyewe, na anayekuambia ni mtu unayempenda, na ana haki."

Ana haki? Hilo halikutarajiwa. Alhamisi ndiyo siku lilipofafanuliwa.

Siku hiyo mwandishi wa makala hii alimpelekea salamu za mwalimu wa chuo, pamoja na yale aliyosema. Fundi aliendelea kushona mpaka aliposikia lile la mwisho.

"Mkweli? Alisema mkweli?"

Alinyanyua mguu wa cherehani, akatoa kitambaa, akakata uzi. Kisha akafungua droo ya chini kabisa, akatoa kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi. Ndani kulikuwa na kile kitambaa cheupe. Kimekuwa cha manjano kwenye mikunjo, lakini bluu bado inasomeka. D, R, I, S, A zimesimama sawasawa, huwezi kujua upande upi ni wa mbele na upi wa nyuma. Ile I ya kwanza imepinda kama mtu anayeegemea ukuta, na bluu yake si ile ya wenzake.

Familia nzima inajua kwa nini. Babu alieleza mwenyewe: alipoanza kutarizi, baba yake alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na mkono ulimtetemeka kwenye herufi ya kwanza.

"Si kweli," fundi alisema. "Hiyo niliishona mimi."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Shuleni walikuwa wakimwita Bwana Idrisa, wakimwambia ndevu zinakuja lini. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia babu kuwa jina halitaki tena. Babu hakugomba. Alimpa kitambaa na wembe, akamwambia, sawa, lifumue mwenyewe, ukimaliza uniletee.

"Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Nilianza na ile I. Jua likatoka huku likaenda huku, niko kwenye herufi moja. Kila uzi ninaokata, chini yake kuna mwingine umeushika. Nyuma ni safi kuliko mbele. Sijawahi kuona kitu kimefichwa vizuri namna ile. Nilipomaliza nikakaa nakitazama, hasira imekwisha, nataka kujua tu alifanyaje."

Alirudi kwa babu, kitambaa kimebaki DRISA, akamwomba amfundishe. Uzi wa bluu ile haukuuzwa tena. Aliitarizi I upya kwa bluu iliyopatikana, ikapinda, na babu hakumruhusu kuirekebisha. Wageni walipouliza, mzee akasema mkono wake ulitetemeka. Alisema hivyo mpaka akafa.

"Sasa fikiria. Siku ile nililikataa. Kwa saa nzima, kwa siku nzima, jina halikuwa na mtu. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, yuko hapo nje anacheza. Lingekuwa lake. Tukanyamaza, mimi na babu." Alikunja kitambaa kwa mikunjo yake ya zamani. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na minane na bado naikanyaga."

Aliomba lisiandikwe kabla ya Jumamosi. Alitaka mdogo wake alisikie kwa dada yake, asilikute gazetini.

Jumamosi walikuja saa nne, mume, mke na mtoto kwenye kanga mbili. Mabinti waliachwa nyumbani, kwa maelezo ya mama yao kwamba vikao vya ukoo vinaharibu watoto. Mdogo mtu hakukaa. Fundi pia alisimama. Hapakuwa na utangulizi, aliweka kitambaa juu ya meza na kumwambia yote, kuanzia wembe mpaka mzee alipozikwa. Alieleza bila kupandisha sauti, mikono yote miwili juu ya meza.

Alimaliza. Nje mtu alikuwa akijadiliana bei ya ndoo.

"Nilikuwa na miaka mingapi?" mdogo wake aliuliza.

"Tisa."

"Tisa." Alichukua kitambaa akaenda nacho mlangoni penye mwanga. Alisimama akiwapa mgongo. "Mwaka huo ndio niliandika Idrisa juu ya daftari langu la hesabu. Mwalimu akanichapa, eti nimeiba daftari la mtu."

Fundi alikaa. "Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, dada?"

Mkewe alimhamisha mtoto bega, akaangalia pembeni.

Fundi alivuta droo, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akauweka mezani. "Chukua kitambaa, na jina uchukue. Nimelivua. Hiyo I unaweza kuifumua, si ya babu. Tia yako."

"Huyu?" mkewe alisema. "Vifungo vyake namshonea mimi."

Mdogo mtu alicheka, si sana, lakini alicheka. Akakikunja kitambaa. Alikuwa anakikunja vibaya, dada yake akamnyang'anya akakikunja yeye. Wembe ulibaki pale pale.

"Mlete mtoto," fundi alisema. "Nimpime. Nguo yake ya kwanza sitaki itoke kwa mtu mwingine. Na safari hii tunapima kwanza."

Walimlaza kwenye meza, kichwa karibu na tundu la kitasa. Alikuwa macho, amekunja ngumi, anautazama uzi unaoning'inia kwenye miwani ya shangazi yake. Fundi alitandaza tepu kutoka begani mpaka kisiginoni kwa kidole kile kisichohisi, akakirudia kipimo mara ya pili. Kisha akafungua daftari ukurasa mpya, akashika kalamu, na akasimama hapo. Sheria ni sheria: jina kwanza, ndipo inchi.

Hakumtazama mtu. "Nimwandike nani?"

Mdogo wake alikuwa ameegemea fremu ya mlango, chini kidogo ya kibao. Alijikuna shingo. Alimtazama mwanawe, kisha dada yake.

"Mwandike somo yako," alisema.

Fundi aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, akaona haijatakata, akaivua tena. Wifi yake alianza kumfunga mtoto ili apate pa kutazama.

"Shati nitaliachia pindo la vidole vinne," fundi alisema mwishowe. "Atakua."

Kisha akainama akaandika Idrisa, na chini yake urefu: inchi kumi na sita. Jumatatu fomu itajazwa. Kibao hakitapakwa rangi. Kwenye daftari, herufi ya kwanza ya jina imepinda, kwa sababu mkono ulimtetemeka.